Siku Niliyoipiga Poda Marufuku

Jumamosi, mwanzo wa mwezi wa saba. Asubuhi nilikuwa getini pa kituo cha kulelea watoto ninachokiongoza, hapa Likasi, nikipekua mikoba ya akina mama wenye heshima zao. Sasa ni jioni. Nimekaa jikoni kwangu, nywele zimelowa, poda ingali masikioni, na nimeona afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Aibu imenipata, ndugu zangu. Imenipata mbele ya wazazi, mbele ya padri, na mbele ya tembo wa plastiki.

Wengi wenu tulisoma pamoja malezi na saikolojia kule Lubumbashi. Mnajua ninavyopenda kufikiri jambo mpaka mwisho wake, na mnajua ninavyopenda hotuba. (Nyamazeni. Jina mlilokuwa mkiniita bwenini sijalisahau.) Mambo hayo mawili, kufikiri na kuhutubia, ndiyo yaliyoniponza leo.

Kwa walioondoka Katanga zamani, niwakumbushe desturi yetu. Siku ya kutangazwa matokeo, siku ambayo sisi sote tunaiita proklamasyo, mtoto akiitwa jina lake jamaa zake wanamkimbilia na kummwagia poda. Kichwani, shingoni, mgongoni, hadi awe mweupe pe. Kisha anarudi nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, ili mtaa wote umwone. Hakuna anayeomba kuona karatasi. Mtoto mweupe amepita. Mtoto anayerudi safi ameanguka.

Miongoni mwa watoto wetu wakubwa, wanaokwenda shule ya msingi mwaka huu, yumo msichana anayeitwa Mujinga, jina la Kiluba lisilo na ujinga wowote. Ana pumu. Mwaka jana siku kama ya leo alikuwa amekaa tu akitazama wenzake wakubwa wakimwagiwa poda. Wingu la furaha ya watu wengine likamfikia. Saa chache baadaye alikuwa hospitalini, mama yake ameshika kinyago cha hewa, nami nimesimama mlangoni bila kazi. Mtoto alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayenywa kwa mrija ulioziba. Sauti ile nimeishi nayo mwaka mzima.

Mwaka huu zamu ni yake. Nikamwita mama yake, mwanamke mpole anayeuza nyanya sokoni, ambaye mumewe anachimba madini huko Kamatanda. Nikamweleza kwamba Mujinga anaweza kubaki nyumbani siku hiyo, au tumwite wa kwanza aondoke upesi kabla ya vumbi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

“Mama Direktrisi, kwetu ku kartie, mu mutaa, bote banajua mutoto anamaliza. Akirudia bila poda, batasema alianguka. Na batamucheka yeye. Habatacheka magonjwa.”

Nikarudi kwangu nikafikiri. (Hapo ndipo mngenizuia.) Nikapata jibu ambalo lilinipendeza sana: ikiwa mmoja hawezi kumwagiwa poda, basi asimwagiwe yeyote. Wote wakitoka safi, hakutakuwa na msafi wa kuchekwa. Nikatangaza katika mkutano wa wazazi: mwaka huu, hakuna poda.

Papa mmoja, yaani baba wa mtoto wetu mmoja, akainua mkono mstari wa nyuma.

“Mama Direktrisi, na bunga? Bunga ya muhindi?”

“Hapana, Papa.”

“Ya muhogo?”

“Papa, hapana.”

“Hata kidogo, paka ya mu kichwa?” (Paka yetu, mnakumbuka, ni “tu”.)

Nikafunga mkutano.

Basi leo asubuhi, kwa baridi hii ya kiangazi inayokata vidole, nilisimama getini na mwalimu Godelive, msaidizi wangu. Sikujua wazazi wetu wana vipaji hivi. Poda ilitoka ndani ya chupa ya chai. Ilitoka ndani ya soksi. Ilitoka kwenye nepi ya mtoto mchanga, naye mtoto akinitazama kwa chuki kana kwamba amechoka kusachiwa. Nyanya mmoja, kambo kama tusemavyo, aliyetoka Kapolowe, alikuwa na fundo kubwa kwenye pembe ya kitenge chake.

“Kambo, nini hii?”

“Dawa ya mugongo yangu.”

“Inanuka maua, Kambo.”

“Mugongo yangu njo inapenda maua.”

Ati mgongo ndio unaopenda maua. Nikaichukua. (Mwanamke aliyesoma, mwenye diploma ukutani, akimnyang’anya nyanya dawa ya mgongo.) Kisha, ili pasiwe na mzazi wa kusema mwenzake amefichiwa kopo lake, nikaamuru poda zote zimwagwe katika beseni moja kubwa la buluu. Hili nalo lilikuwa wazo langu. Haki ionekane, nilisema. Ilionekana. Beseni lilijaa hadi ukingoni.

“Tunaiweka wapi?” Godelive akauliza. “Mu biro?”

Ofisini haikuwezekana. Ofisi nilikuwa nimeiacha tupu, imepigwa deki, kwa ajili ya Mujinga, endapo kifua kitambana. Darasani vilikuwamo vyakula. Nikatazama uani.

Sasa, kwa sherehe hii tulikuwa tumekodi ngome ya kupulizwa hewa, ile ambayo watoto huruka ndani yake. Hapa tunaiita shato. Yetu ilikuwa na kichwa cha tembo mbele. Lakini umeme, tunaouita kuran, ulikuwa umekatika mapema, mashine yake ya kupulizia ikazimika, shato ikanywea, na tembo akalala chali nyuma ya jukwaa kama turubai lililoanguka kutoka kwenye lori. Watoto walikwisha kuondoka pale wakilia. Mwenye shato alikuwa amekwenda kutafuta chai. Mahali pakavu, palipotulia, mbali na mikono ya watu.

“Weka pale, juu ya lile turubai.”

“Pale ku shato, Mama Direktrisi?”

“Pale pale. Haisogei.”

Nilisema hivyo. *Haisogei.* Godelive ana mashahidi.

Sherehe ikaanza, na niseme kweli, ilikuwa nzuri. Watoto wadogo waliimba wimbo wa wanyama na kusahau nusu yake. Hatukumlazimisha yeyote kucheza ngoma. Aliyetaka kukaa alikaa kwenye mkeka wa kupumzikia, na aliyetaka mama yake alipewa mama yake. Mujinga alikaa mwisho wa mstari wa mbele, upande wa geti, amevaa gauni la manjano na soksi za lesi. Niliendelea kumchungulia. Vumbi la uani lilimkohoza kidogo. Mama yake akamshika mkono, wakatoka taratibu kwenda kwenye bomba la maji nje ya ukuta. Nikawaona wakitoka. Nikasema moyoni, vizuri, watarudi nikimaliza.

Nikapanda jukwaani. Umeme haukuwepo, nikachukua megafoni. Mada yangu: ustawi wa mtoto.

“Wapendwa wazazi,” nikaanza, “furaha ya mtoto haihitaji vumbi.”

Nyuma yangu pakasikika mvumo. Nikadhani ni lori la madini barabarani. Nikapandisha sauti.

“Mtoto anataka nini? Anataka kuonwa. Anataka kusikilizwa.”

Wazazi wakaanza kukaa wima. Padri wetu, aliyekuwa katikati na suti yake nyeusi, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Watoto wakasimama juu ya viti. Macho ya watu wote yalikuwa yakipanda polepole, yakipita kichwa changu, yakielekea mbinguni. Katika miaka yangu yote ya kuhutubia sijapata kutazamwa hivyo. Nikadhani hotuba imewagusa.

“Mama Direktrisi!” papa yule wa unga akaita. “Kuran ilirudia!”

“Maswali baadaye, Papa.”

“Haiko maswali! Tembo!”

Nikageuka.

Umeme ulikuwa umerudi. Mwenye shato, alipokwenda kutafuta chai, hakuizima mashine. Tembo alikuwa ameamka. Masikio yake yalijaa kwanza, kisha mashavu, na juu ya utosi wake, juu kabisa kuliko paa la darasa la wadogo, lilikuwapo beseni langu la buluu, limekaa kama kofia. Likayumba kushoto. Likayumba kulia. Tulitazamana, mimi na tembo. Nikasema kwenye megafoni neno pekee lililonijia, kwa sauti ya ofisi:

“Hapana.”

Mkonga ukanyooka kwa kishindo. Beseni likapinduka.

Sijui niwaelezeje weupe ule. Ulinijia kwanza mimi, wote kwa mara moja, kama blanketi. Kisha upepo wa kiangazi ukauchukua na kuugawa kwa haki ambayo mimi sikuweza kuifikia: mstari wa mbele, mstari wa kati, mstari wa nyuma. Halafu, kwa kuwa koo za akina mama zimezoea, poda ikionekana hewani siku kama hii zinajibu zenyewe, vigelegele vikapasuka uwanja mzima.

“Mama Direktrisi,” Godelive akasema, nyusi zake nyeupe, “bote banapita bila kuitwa majina!”

Padri akatazama mikono ya suti yake. “Direktrisi,” akaniuliza kwa upole, “hata minye, mimi padri wenu, nilipita?”

Mlinzi, ambaye hakupata kusoma, alikuwa mweupe. Mbwa wake alikuwa mweupe. Nyanya wa Kapolowe alikuwa amepiga magoti akikomba ardhi kwa viganja na kurudisha dawa yake kwenye kitenge, akicheka hadi machozi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kusikia mrija ulioziba.

Nikaruka kutoka jukwaani. Kiatu kimoja kikabaki. Nilikimbia huku nikiita, “Mujinga! Mujinga!” na megafoni ilikuwa bado mkononi, imewashwa, karibu na mdomo. Watu wakadhani nimeanza kuita majina. Wakapiga makofi. Nikapita katikati ya makofi yale, nusu kipofu, kiatu kimoja mguuni, nikiwa na hakika kwamba ninakwenda kumkuta mtoto chini.

Alikuwa amesimama kando ya bomba, gauni lake la manjano safi kabisa, akinywa maji kwenye kiganja cha mama yake. Upepo ulikuwa ukitoka upande wao kuja kwetu. Hakuna hata chembe iliyomfikia. Aliponiona akafurahi, akanikimbilia mikono imefunguliwa, kama afanyavyo kila asubuhi.

Nami nilikuwa gunia la poda linalotembea.

“Usinikaribie!” nikapiga kelele.

Kwenye megafoni.

Akasimama. Sijui kama mmewahi kumwona mtoto wa miaka mitano akisimama namna ile, mikono bado imefunguliwa. Nyuma yangu watu walikuwa wakitoka getini, wenzake wa darasa moja, wazazi wao, wote weupe, wote wakicheka. Aliwatazama mmoja mmoja. Akajitazama gauni. Akamgeukia mama yake.

“Mama, minye nilianguka?”

Nimesoma vitabu vingi juu ya watoto. Nikajibu haraka, kabla ya mama: “Hapana, Mujinga. Umepita. Poda si matokeo. Poda ni mchezo tu wa watu wazima.” Maneno sahihi. Kila moja. Mujinga aliniangalia jinsi nilivyokuwa, kuanzia utosini hadi kwenye mguu usio na kiatu.

“Sasa juu ya nini unanifukuza?”

Mama yake hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, kwa sauti ya chini: “Mama Direktrisi, hata imbwa ya mulinzi iko mweupe. Paka mutoto yangu njo iko bila poda. Nitapita naye namna gani mu barabara?”

Hapo nikaona nilichokifanya. Mwaka mzima nilikuwa nimefikiria mapafu ya mtoto huyu, na nilikuwa nimefikiria vizuri. Njia ya kurudi nyumbani sikuifikiria kamwe. Niliifuta tu, kwa watu wote, kama kosa ubaoni. Na sasa nilikuwa nimemtengenezea kitu kilekile tulichokuwa tukikiogopa, tena kikamilifu kuliko ambavyo wazazi wangeweza.

Nilitaka kumkumbatia na sikuweza. Nikawaomba wasogee upande upepo unakotoka, nikainama, nikaweka kichwa changu chote chini ya bomba. Maji ya mwezi wa saba, mnayajua. Nilipiga ukelele usiofaa kuandikwa. Poda haikuondoka. Iligeuka uji. Ikanitiririka usoni, nzito, ikajaa machoni, ikaganda mashavuni kama chokaa kwenye ukuta mpya.

“Sabuni!” nikalia. “Nani ana sabuni?”

Nilipofumbua jicho moja, mama Mujinga alikuwa mbele yangu, ananikagua shavu. Akalipitishia kidole bila kuomba ruhusa. Akasugua ule uji kati ya vidole viwili. Akaupuliza kwa nguvu.

Hakikuruka kitu.

Akaupuliza tena. Tukatazamana.

“Mama Direktrisi,” akasema, “inamisha kichwa.”

Nikainamisha. Akachota. Kwanza alimpaka mtoto tone moja kwenye kifundo cha mkono, akaweka sikio lake kifuani pake, akangoja. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika pompe, kile kichupa cha dawa ya pumu cha kuvuta mdomoni. Sote tukangoja, getini pote, hata wale waliokuwa wakicheka. Nilisikia maji yakidondoka kutoka puani kwangu. Kisha akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, akarudi kwangu, akachota zaidi. Paji la uso. Mashavu. Shingo. Mujinga alifumba macho.

“Na huku,” akasema, akionyesha sikio.

“Na huku.” Sikio la pili.

“Mama, na ku magoti.”

Kila alipotaka, mama yake aligeuka na kunichota tena. Nilikuwa nimeshika magoti yangu, makalio yameelekea barabara kuu, kiatu kimoja, kichwa kimetolewa kwa matumizi ya umma. Nilipoona imetosha, nikainua megafoni, nikasema jina lake lote, la baba na la babu, kama inavyostahili, na kwamba amemaliza, na kwamba anakwenda mwaka wa kwanza.

Vigelegele vile vilisikika hadi relini.

Nyanya wa Kapolowe akaja mbio na fundo lake wazi. “Ya maji!” nikampigia kelele. “Kambo, paka ya maji!” Akafunga breki, akalowesha. Wengine wakafuata. Ikawa foleni ya bomba, beseni la buluu katikati, na majina yakaitwa palepale barabarani, mtoto mmoja baada ya mwingine akipakwa uji wa maua. Papa yule hatimaye akatoa unga wa mahindi mfukoni mwake. (Sikuuliza ulipita vipi getini.)

Mujinga akaenda nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, mweupe kama wenzake. Niliwafuata kwa mbali, nimelowa na kutetemeka, nikisikiliza pumzi yake. Sikusikia kitu. Nilisikia majirani tu: “Eh! Mujinga alipita! Mama Mujinga, tunakunywa nini?”

Kuna kijana aliyekuwa juu ya ukuta na simu. Video yake haina tembo, haina mtoto, haina maelezo. Ina mwanamke mwenye kiatu kimoja aliyeinama bombani, na mwanamke mwingine anamvuna kichwa. Mume wangu ameitazama mara nyingi. Ameniuliza kama na mimi napanda darasa.

*

Naongeza haya majuma kadhaa baadaye, shule zikiwa karibu kufunguliwa, kwa sababu mmeniuliza yule mtoto yuko vipi. Yuko vizuri. Hii ndiyo barua niliyoipeleka jana shuleni anakokwenda.

Bwana Mkurugenzi,

Katika mwaka wa kwanza mtampokea mtoto anayeitwa Mujinga. Ana pumu. Pompe yake ya dawa huwa katika mfuko wa mbele wa mkoba, naye anajua kuitumia; tafadhali asingojee ruhusa ya mtu. Asikae karibu na ubao, kwa ajili ya chaki. Darasa lifagiliwe watoto wakiwa nje, na sakafu inyunyiziwe maji kwanza.

Litakapotokea jambo lenye vumbi, mtashawishika kumtoa yeye nje, au kulifuta jambo lenyewe kwa wote. Nimejaribu njia ya pili, na nilikuwa karibu sana na ya kwanza. Nakuomba kabla ya yote umuulize yeye mwenyewe, na mama yake. Hujibu vizuri akipewa nafasi. Mara nyingi anachokitaka ni kuwepo.

Akiwakimbilia asubuhi mikono ikiwa wazi, mpokeeni.

Kwa heshima,
Mlezi wake wa zamani

Tena: ile video ni ya kweli, na aliyeinama ni mimi. Cheka kadiri upendavyo, ila nakusihi, si mbele ya Mujinga. Nimemwonyesha, naye hakucheka. Alitazama mkono wa mama yake ukienda na kurudi, akaniambia: “Hapa njo nilipita.”